Paa la Bati na Uaminifu wa Fundi: Kipimo Kitangulie Sifa

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki paa ndilo sehemu ya nyumba inayogharimiwa mwisho na kuadhibiwa kwanza. Mwenye nyumba huchimba msingi mwaka huu, husimamisha kuta mwaka wa pili au wa tatu, kisha husubiri mauzo ya kahawa, ya korosho au ya pamba, au akiba ya mshahara, ndipo apate kununua mbao na mabati. Hufika hatua ya kupaua akiwa amechoka, mfuko umepungua na mvua zinakaribia. Katika hali hiyo ndipo humtafuta fundi. Haishangazi basi kwamba uamuzi mzito kuliko yote katika ujenzi wake hufanywa kwa haraka kuliko yote.

Swali ambalo watu huulizana wakati huo ni hili: fundi gani anaaminika? Jibu la kawaida ni kuulizia sifa. Jirani humtaja aliyemwezekea yeye, ndugu humtaja rafiki yake, na mwenye duka la vifaa humtaja fundi anayemletea wateja. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Njia hiyo ina busara yake, wala haifai kudharauliwa. Hata hivyo haitoshi. Uaminifu wa fundi wa paa ni jambo linaloweza kupimwa, kwa sehemu kubwa, kwa rula, mizani na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari. Aidha, jamii isiyopima huwaumiza mafundi waaminifu kabla hata ya kuwaumiza wenye nyumba.

Sifa bila kipimo

Kazi ya fundi wa paa ina tabia moja isiyopatikana katika kazi nyingi za ufundi. Nguo iliyoshonwa vibaya hujulikana siku ya kuvaliwa, na mlango uliopinda hujulikana siku ya kufungwa. Paa huonekana zuri siku linapokamilika, liwe limejengwa vyema au vibaya. Bati nene na bati jembamba, yakipakwa rangi moja na kupandishwa juu, hayatofautishwi na macho ya mtu aliyesimama uani. Msumari uliorukwa hauonekani kutoka chini. Ukanda wa chuma unaofunga kenchi kwenye ukuta hufichwa na dari. Kasoro zote hizo husubiri: nyingine husubiri upepo wa dakika kumi, nyingine husubiri kutu ya miaka mitano.

Kutokana na tabia hiyo, sifa anayopewa fundi mwezi wa kwanza ni sifa ya adabu yake, ya wepesi wake na ya usafi wa kazi ya nje. Ni sifa njema, lakini haielezi sana hali ya paa. Yafaa mwenye nyumba aombe kuonyeshwa nyumba zilizokwisha kupita masika kadhaa, si ile iliyokamilika juzi. Aingie ndani mchana na kuangalia kama miali ya jua inapenya katika matundu ya misumari. Aangalie madoa ya maji kwenye dari na kwenye mbao. Amwulize mwenyeji kama fundi alirudi alipoitwa. Fundi mwenye nyumba tatu za namna hiyo za kuonyesha ana ushahidi mzito kuliko mwenye maneno mengi.

Lakini madhara makubwa ya kutegemea sifa bila kipimo yapo katika bei. Ichukuliwe kwamba mafundi wawili wameitwa kutaja gharama za paa moja. Wa kwanza anakusudia kutumia bati la milimita 0.40, mbao zilizotiwa dawa, na kufunga kila kenchi kwenye ukuta. Wa pili anakusudia kutumia bati la milimita 0.25, mbao mbichi na nusu ya misumari inayotakiwa. Wote wawili humwambia mwenye nyumba maneno yale yale: bati zuri, mbao nzuri, kazi imara. Mwenye nyumba asiye na njia ya kupima husikia ahadi mbili zinazofanana na bei mbili zisizofanana, naye huchagua bei ya chini. Fundi mwaminifu hukosa kazi, si kwa sababu watu hawaupendi uaminifu, bali kwa sababu hawakuwa na njia ya kuutambua. Akikosa kazi mara tatu au nne, hana budi ama kuacha ufundi ama kuiga. Hivyo udanganyifu huenea hata pale ambapo wadanganyifu walikuwa wachache mwanzoni, na mwenye nyumba asiyepima hushiriki kuueneza bila kujua.

Geji na unene wa kweli

Dukani mabati huuzwa kwa namba za geji: 28, 30, 32. Jambo la kwanza linalowakanganya wengi ni kwamba namba ikiongezeka, unene hupungua. La pili, lisilojulikana sana, ni kwamba geji si kipimo kimoja. Kwa jedwali la Birmingham lililotumiwa Uingereza, geji 28 ni kiasi cha milimita 0.40, geji 30 ni kiasi cha 0.31, na geji 32 ni kiasi cha 0.25. Kwa jedwali la Marekani la mabati yenye zinki, geji 30 hukaribia milimita 0.40. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutaja namba moja na kumaanisha mabati mawili tofauti, bila yeyote kati yao kusema uongo. Fundi anayeandika katika makadirio yake "geji 30" hajaahidi kitu mpaka aandike milimita.

Hata milimita zenyewe zahitaji ufafanuzi. Kuna unene wa chuma kitupu, na kuna unene wa chuma pamoja na tabaka la zinki na rangi. Katika bati jembamba tofauti hiyo si ndogo: tabaka nzito la zinki pande zote mbili laweza kuongeza milimita 0.04. Fundi au mwuzaji yampasa kusema ni unene upi anaoutaja.

Unene huweza kuhakikishwa kwa maikromita, chombo ambacho mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kukisoma. Pasipo maikromita, mizani yatosha. Achukue mtu kipande cha bati kilichokatwa, chenye urefu wa sentimita 30. Upana wake usipimwe kwa kuruka juu ya migongo. Upimwe kwa uzi unaofuata kila mgongo na kila bonde, kana kwamba bati limenyooshwa. Tuseme uzi unaonyesha sentimita 20. Eneo ni sentimita za mraba 600. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85 hivi. Bati la milimita 0.40 litakuwa na sentimita za ujazo 24, yaani gramu 188. La milimita 0.30 litakuwa na gramu 141, na la milimita 0.25 litakuwa na gramu 118. Zinki ina uzito wa ujazo unaokaribiana na wa chuma, nayo rangi huongeza kidogo tu, kwa hiyo hesabu haipotoki sana. Tofauti ya gramu 70 kati ya bati la kwanza na la tatu huonekana hata kwenye mizani ya duka la rejareja.

Huenda ikasemwa kwamba kumwomba fundi kipande cha kupima ni kumtukana. Lakini mwuza sukari huipima sukari mbele ya mnunuzi, wala hakuna anayedhani kwamba ametuhumiwa wizi. Mizani humlinda mwuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Kinachotakiwa ni kwamba ombi litolewe kwa heshima, tena kabla ya kupatana bei, ili fundi ajue tangu mwanzo kwamba bati litapimwa na ataje bei ya bati hilo. Fundi mjuzi atalipokea ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa ndilo linalomtenga na mwenzake anayepunja.

Zinki hulinda kwa kuliwa

Bati la mikunjo lilibuniwa Uingereza na Henry Robinson Palmer, aliyepata hataza yake mwaka 1829. Mikunjo ndiyo inayolipa bati jembamba ukakamavu. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa karatasi moja, akiilaza juu ya vitabu viwili ikiwa bapa, kisha ikiwa imekunjwa kama feni. Lakini mikunjo haizuii kutu. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na tangu hapo mambo hayo mawili yamekwenda pamoja.

Wengi hudhani kwamba zinki hufanya kazi kama rangi, yaani hufunika tu. Zinki hufanya zaidi ya hayo. Katika safu ya metali, zinki ina volti –0.76 na chuma –0.44, kwa hiyo zinki hutoa elektroni kwa wepesi zaidi. Maji ya mvua yakigusa mahali palipokwaruzwa, zinki iliyo karibu huliwa badala ya chuma. Ndiyo kusema zinki ni akiba inayotumika kidogo kidogo, na umri wa bati hutegemea sana ukubwa wa akiba hiyo.

Akiba hiyo hutajwa kwa gramu katika mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lenye alama Z275 lina gramu 275, ambazo ni tabaka la maikroni 19 hivi kila upande. Lenye alama Z100 lina maikroni 7 hivi kila upande. Kwa macho mabati hayo hayatofautiani. Tangu mwaka 1972 viwanda vya Marekani, na baadaye vya nchi nyingine, vimetumia pia mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki, ambao hutajwa kwa alama za AZ, mathalani AZ150. Mwenye nyumba wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako upepo hubeba chumvi ya bahari, anahitaji kuuliza alama hizo zaidi ya mwenye nyumba wa Dodoma. Fundi asiyezijua alama hizo huenda akawa mtu mwema, lakini hawezi kumshauri mtu wa pwani.

Elimu hiyo hiyo humwezesha mwenye nyumba kumkagua fundi kazini. Mabati yaliyopangwa chini yakiwa na maji katikati yake hupata ukungu mweupe, ambao ni zinki inayoharibika kabla hata ya kupanda juu. Fundi makini huyaweka mahali pakavu, yakiwa yameinuliwa kutoka ardhini. Saruji mbichi huila zinki na alumini. Fundi makini hazuii uvujaji kwa kubandika saruji juu ya bati. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, zikiwa bado na majimaji, huharakisha kutu ya bati linalozigusa, kwa sababu shaba na zinki zikikutana penye maji, zinki ndiyo huliwa. Fundi makini husubiri zikauke. Mashine ya kukatia chuma hurusha cheche ambazo hubaki juu ya bati zikiwa vipande vidogo vya chuma, na baada ya mvua moja huacha madoa ya kutu; fundi makini hutumia mkasi wa bati, au walau hufagia paa kila jioni. Hakuna kati ya mambo hayo linalohitaji fedha nyingi. Yote huhitaji ujuzi na uangalifu.

Upepo na njia ya nguvu

Watu wengi huamini kwamba upepo hulisukuma paa. Mara nyingi upepo hulivuta. Hewa inayopita kwa kasi juu ya paa hupunguza kanieneo upande wa juu, na hewa inayoingia kwa dirisha au baraza iliyo wazi huongeza kanieneo upande wa ndani. Paa huinuliwa na vyote viwili.

Kiasi cha nguvu hiyo huweza kukadiriwa. Kanieneo ya upepo, kwa nyutoni katika mita ya mraba, ni karibu 0.613 ikizidishwa na kipeo cha pili cha kasi kwa mita katika sekunde. Upepo wa mita 15 katika sekunde hutoa nyutoni 138. Upepo wa mita 30 katika sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa, hutoa nyutoni 552: kasi imezidi mara mbili, nguvu imezidi mara nne. Bati la milimita 0.30 lina uzito usiozidi nyutoni 30 hivi katika mita ya mraba. Hata kama mvuto halisi ni nusu tu ya kanieneo iliyotajwa, bado ni mara tisa ya uzito wa bati. Kwenye kingo za paa, pembeni na karibu na kofia, mvuto huwa mkubwa zaidi.

Wapo wanaosema kwamba nchi zilizo karibu na ikweta hazina vimbunga. Kweli havifiki mara nyingi, lakini historia haikubali kwamba havifiki kabisa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi. Kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Tena dhoruba za radi za muda mfupi, zinazotokea bara na pwani, zatosha kung'oa paa lililofungwa vibaya.

Hivyo swali la kumwuliza fundi si kama paa ni zito, bali nguvu ya upepo itapita wapi kutoka kwenye bati hadi ardhini. Fundi anayejua kazi yake atajibu kwa kuonyesha: bati hushikwa na msumari au skrubu, iliyopigwa juu ya mgongo wa bati la mikunjo ili maji yasisimame penye tundu, msumari hushikwa na papi, papi hushikwa na kenchi, kenchi hushikwa na mbao inayolala juu ya ukuta, mbao hiyo hufungwa kwa ukanda wa chuma au nondo iliyozamishwa katika linta au katika ukuta wenyewe. Nguvu ikikosa njia katika hatua yoyote, paa litaachana hapo. Mapaa mengine huruka yakiwa mazima, mabati na kenchi pamoja, kwa sababu misumari ya juu ilikuwa imara lakini hapakuwa na kitu kilichoyafunga kwenye ukuta. Kwa sababu hiyo sehemu hizi zikaguliwe kabla ya mabati kupanda. Fundi anayesema "njoo uangalie kabla sijafunika" amejieleza vyema kuliko anayesema "niamini."

Hesabu ya mabati

Ugomvi kati ya mwenye nyumba na fundi huanza mara nyingi katika idadi ya mabati. Mmoja hudhani ameibiwa. Mwingine huona hathaminiwi. Hesabu kidogo ingewapatanisha.

Ichukuliwe paa la pande mbili ambalo, pamoja na upenu, linafunika ardhi ya mita 11.2 kwa 9.2, na mteremko wake ni nyuzi 20. Eneo la chini ni mita za mraba 103. Eneo la mteremko hupatikana kwa kugawa kwa kosaini ya nyuzi 20, yaani 0.94, jibu ni mita za mraba 110 hivi. Bati la urefu wa mita 3 linalofunika upana wa mita 0.75, likiondolewa sentimita 15 za mpishano, hufunika mita za mraba 2.14. Kwa hesabu ya eneo, mabati 52 yanatosha.

Fundi akisema 60, je, amedanganya? La. Katika urefu wa mita 11.2 hupangwa safu 15 za mabati. Kila mteremko una urefu wa karibu mita 4.9, na pamoja na mpishano hufikia mita 5.05, kwa hiyo kila safu huhitaji mabati mawili. Safu 15, mabati 2, pande 2: jumla 60. Mabati 8 yaliyozidi ni mabaki yanayokatwa. Lakini fundi aliye mjuzi na mwaminifu hatakomea hapo. Atashauri kwamba, kama kiwanda au duka linakata bati kwa urefu unaotakiwa, yaagizwe mabati 30 ya mita 5. Hayo ni mita 150 za bati badala ya mita 180, wala hayana mpishano wa katikati unaoweza kuvuja. Hapo uaminifu umeonekana kwa namba: fundi amempunguzia mteja mita 30 ambazo angeweza kunyamaza zikanunuliwa.

Kwa hiyo hesabu si fimbo ya kumpigia fundi. Ni lugha ya kuzungumza naye. Mwenye nyumba anayefika na hesabu yake yafaa aulize kwa nini zimetofautiana, na asikilize jibu.

Maandishi, malipo na usajili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya paa yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari la shule, yasainiwe mbele ya mashahidi. Yataje unene wa bati kwa milimita, alama ya tabaka lake, aina na vipimo vya mbao, nafasi kati ya papi na papi, aina ya misumari au skrubu, namna ya kufunga kenchi, muda wa kazi na bei. Yatenganishe pia dhamana mbili zinazochanganywa mara kwa mara: dhamana ya kiwanda, ambayo huhusu bati lenyewe, na dhamana ya fundi, ambayo huhusu kazi ya mikono yake. Paa likivuja penye msumari, kiwanda hakitajibu.

Namna ya kulipa nayo hufundisha uaminifu au uzembe. Fundi anayelipwa kwa kila bati alilopigilia anahimizwa kwenda mbio. Anayelipwa fedha zote mwanzoni hana sababu ya kurudi. Ni haki kwa pande zote malipo yagawanywe kwa hatua zinazoonekana: mbao zilipofika, kenchi zilipofungwa na kukaguliwa, mabati yalipokamilika, na sehemu ndogo ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mwenye nyumba naye ana wajibu: fedha ya kila hatua iwe tayari siku hatua inapokamilika. Asiyelipa kwa wakati hana haki ya kulalamika kwamba fundi amehamia kazi nyingine. Kwa walio mbali, wanaojenga kijijini huku wakiishi mjini au ng'ambo, mpango huo ni wa lazima, na ndugu anayesimamia apewe orodha ya kukagua, si fedha tu.

Vyombo vya umma navyo vipo. Tanzania ina Shirika la Viwango, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mtu anayejitangaza kuwa mkandarasi na aulizwe namba yake ya usajili, nayo ihakikishwe. Hata hivyo mafundi wengi wanaoezeka nyumba za wananchi hawakupitia njia hiyo. Walijifunza kwa kuwafuata wazee wao wa kazi. Kutokuwa na cheti si ushahidi wa hila, kama vile cheti si ushahidi wa unyofu. Kwa wote wawili kipimo ni kile kile.

Dalili moja zaidi isisahauliwe. Fundi atazamwe jinsi anavyowatunza wasaidizi wake. Anayewapandisha vijana juu ya kenchi wakati wa upepo, bila ngazi iliyofungwa wala kamba, anaharakisha kazi kwa kuhatarisha maisha yao. Ni vigumu kuamini kwamba atakuwa mwangalifu zaidi kwa msumari.

Wajibu wa shule

Katika hoja zote zilizotangulia hakuna hesabu inayovuka upeo wa sekondari. Uzito wa ujazo, kosaini, kanieneo, safu ya metali: mambo hayo hufundishwa na kutahiniwa kila mwaka. Ila mara nyingi hufundishwa kana kwamba chuma kilichomo katika swali si kile kilicho juu ya darasa. Mwanafunzi hupata alama nzuri katika swali la uzito wa ujazo, kisha hurudi nyumbani na kumwona mzazi wake akinunua mabati kwa kuamini rangi.

Yafaa walimu wa sayansi waligeuze paa la shule kuwa maabara. Kundi moja lipime mteremko kwa pimamaji na rula, likokotoe eneo na idadi ya mabati, kisha lihesabu yaliyopo. Kundi la pili lipime vipande vya mabati kutoka madukani kwa mizani na uzi, na kulinganisha unene uliopatikana na geji iliyotajwa. Kundi la tatu liweke misumari mitatu katika maji ya chumvi, mmoja mtupu, mmoja uliozungushiwa ukanda wa zinki, mmoja uliozungushiwa waya wa shaba, na kuandika kila siku kwa juma moja kinachoonekana. Fundi wa jirani aalikwe kueleza njia ya nguvu kutoka kwenye bati hadi ukutani. Wanafunzi watajifunza kwake, naye atajua kwamba katika kijiji hicho watu wamejifunza kupima.

Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Sheria na mabaraza hayawezi kupanda juu ya kila paa. Lakini mahali ambapo kila nyumba ina kijana mmoja anayeweza kupima kipande cha bati na kuuliza kenchi imefungwa na nini, fundi mwaminifu anaweza kutaja bei yake ya haki bila hofu ya kunyang'anywa kazi na mwongo. Kazi hiyo yaweza kuanza muhula huu, kwa kipande cha bati, uzi na mizani.